Ukanda wa Shaba: Maji ya kisima yanayochemshwa na bado si salama

WAFANYABIASHARA wanaovuka Kasumbalesa kuelekea Chililabombwe, Chingola na Kitwe, nchini Zambia, wamezoea kujaza madumu popote wanapokuta maji. Wakifika wanayachemsha, basi. Kwa kipindupindu hiyo ni kinga nzuri. Kwa madini haisaidii: moto huua vijidudu, lakini shaba, kobalti na risasi hubaki sufuriani, tena huzidi kidogo kwa kuwa maji yamepungua. Dawa ya klorini nayo haiyaondoi.

Mwamba wa huko una salfa. Ukiwa chini hauna neno, ila ukichimbwa na kupigwa na hewa na mvua hutoa asidi, nayo huyeyusha madini na kuyashusha hadi kwenye maji ya visima. Bahati ni kwamba eneo hilo lina miamba mingi ya chokaa inayopunguza ukali huo. Lakini viwanda navyo hutumia asidi ya salfa kwa wingi kutenganisha shaba, na bwawa la topesumu lisilozibwa vizuri chini huweza kuvuja miaka mingi pasipo mtu kuona.

Wakazi wa Mufulira wanalijua hilo. Januari 2008, mamia waliugua baada ya kunywa maji ya bomba yaliyoingiwa na asidi. Mgodi wa Mopani ulikuwa ukipitisha asidi kwenye mwamba hukohuko ardhini ili kuyeyusha shaba, na mamlaka ya mazingira iliusimamisha utaratibu huo kwa muda.

Februari 18, 2025 ikawa zamu ya Chambishi. Bwawa la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia lilipasuka, tope lenye asidi likaingia kijito cha Mwambashi na kisha Mto Kafue. Makadirio ya kwanza yalitaja lita milioni 50. Kitwe ikafungiwa maji ya bomba, na serikali ikatuma ndege kumwaga chokaa mtoni. Mto unaweza kumwagiwa chokaa. Kisima cha jirani na mto huo, ambacho mtu hukimbilia bomba linapokauka, hakifikiwi na ndege.

Upande wa Kongo, Novemba 2025, maji machafu ya kampuni ya Congo Dongfang Mining yalifurika mitaani Lubumbashi na serikali ikaisimamisha.

Kwa waliorejea na wanaonunua viwanja kule, swali la kwanza liwe: bwawa la mgodi liko wapi, na maji huteremkia upande gani? Doa la kijani-buluu kwenye ndoo huashiria shaba, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 2 kwa lita. Aseniki haina rangi wala ladha; hiyo huonekana kwa kupima tu. Anayechimba kisima apime mara mbili, kiangazi na masika, maana majibu hutofautiana.