Beseni la ubatizo na jina la fundi

Tunaandika kutoka Likasi.

Jumapili tunapobatiza watoto, maji yamo ndani ya beseni la kawaida la sokoni. Hakuna anayeuliza lilitengenezwa na nani. Lakini huko Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre, kuna beseni la shaba ambalo fundi wake ameandika jina lake mara 6. Sisi tunaoishi juu ya shaba, beseni hilo lina neno la kutuambia.

Wafaransa wanaliita Beseni la Ubatizo la Mtakatifu Louis, ingawa mfalme huyo alifariki mwaka 1270, kabla halijatengenezwa. Lilifanyika Misri au Shamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, wakati wa masultani wa Kimamluki. Fundi alikuwa Mwislamu, wala hakuwazia ubatizo. Vyombo vya namna hiyo vilitumika kunawia mikono katika nyumba za wakubwa. Baadaye lilifika Ufaransa, na mwaka 1606 lilitumika kumbatiza mtoto aliyekuja kuwa Mfalme Louis XIII.

Kazi yenyewe inaitwa njumu. Fundi huanza na chombo cha shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Kwa patasi anachimba michoro: watu, farasi, wanyama, maua. Halafu analaza vipande vyembamba vya fedha na dhahabu ndani ya sehemu alizozichimba, na kugonga kingo polepole mpaka vishike. Mwishoni anajaza weusi katikati ili picha zing'ae. Mji wa Mosul, Iraki, ulisifika kwa kazi hiyo katika karne ya 13, kisha Dameski na Kairo.

Mara nyingi maandishi yanayozunguka vyombo hivyo hutaja sultani au mkubwa aliyeagiza kazi, pamoja na sifa zake. Kwenye beseni hili jina la mkubwa halipo. Lililopo ni la Muhammad ibn al-Zain. Moja ameliandika wazi chini ya ukingo. Mengine ameyaficha ndani ya picha, hata kwenye viti vya enzi.

Sasa turudi nyumbani. Katika karne hiyohiyo ya 14, kule Sanga kando ya ziwa Kisale, watu walizikwa pamoja na misalaba midogo ya shaba. Haikuwa ishara ya Kalvari. Injili ilikuwa haijafika. Ilikuwa mali na fedha ya kununulia, na umbo lake ndilo lililowekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Wazee wetu walichimba jiwe la kijani wakati wa kiangazi, wakaliyeyusha katika tanuru la udongo wa kichuguu, kwa makaa na mivukuto ya ngozi. Mukuba ulioyeyuka waliumimina katika kalibu, au waliuvuta kuwa waya wa bangili. Frederick Stanley Arnot, mmisionari, alipofika Bunkeya mwaka 1886, shaba hiyo ilikuwa sehemu ya utajiri wa mfalme M'siri. Jina la M'siri tunalijua sote. Wafua shaba wake tunawajua kwa jina la kundi tu: walaji wa shaba.

Na Shinkolobwe, karibu sana na sisi? Madini yake ya urani yalitambuliwa mwaka 1915. Yalitoa radi ya kutibia saratani, na baadaye yakaingia katika bomu lililoangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya mgodi, alipewa nishani na Marekani mwaka 1946. Waliobeba mawe hayo kwa mikono yao hawakutajwa. Januari 2004 serikali ilikataza uchimbaji pale. Julai mwaka huohuo ardhi ikaporomoka na kuua watu 8. Dunia inakumbuka hesabu yao. Majina yamebaki kwa wajane na mayatima.

Neno la Mungu halifanyi hivyo. Katika Kutoka 31, Bwana anamwita Bezaleli kwa jina, anamtaja baba yake Uri na babu yake Huri, na kumjaza Roho. Kwa nini? Ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Kisha Kutoka 38 inatuambia birika la shaba lilitoka wapi: katika vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Mungu anajua chombo, anajua pia mkono uliokitengeneza na aliyetoa shaba yake.

Ndugu wachungaji, daftari la ubatizo tunalo. Kazi ya baba mara nyingi tunaiacha wazi, hasa akiwa mchimbaji wa mikono, kana kwamba ni aibu. Tuiandike. Tumzikapo mtu aliyefukiwa shimoni, tuandike jina lake kamili, la baba yake, mahali na siku. Kesho mtoto wake akiuliza, kanisa liwe na jibu.

Bwana awabariki.