Mkono wa Trekta Hautaki Chuma cha Panga

Katika karakana za Butembo, chuma kinachoheshimiwa kuliko vyote ni springi ya lori. Barabara ya Kasindi huvunja springi nyingi, na hakuna anayezitupa. Wahunzi huzigeuza kuwa mapanga, majembe na patasi, na kwa kazi hiyo zinastahili kila sifa. Ndiyo maana mwenye trekta anapoleta mkono wa kuinulia plau uliokatika, ombi lake hulingana na la wenzake: "Papa fundi, uniwekee ile ngumu."

Ombi hilo linaeleweka, lakini chuma hicho hakifai kwa kazi hii. Mkono ukikatika ghafla plau ikiwa juu, uzito wote huanguka, na aliyesimama karibu anaweza kupoteza mguu.

Trekta si nyingi kwetu. Miteremko ya Lubero hulimwa kwa jembe la mkono, na mashine hupata nafasi zaidi kwenye tambarare, kama bondeni Semliki. Kipuri halisi hutoka mbali na bei yake huumiza, kwa hiyo fundi hutengeneza mwenyewe. Basi tumpe fundi heshima ya kuzungumza naye juu ya chuma chenyewe.

Mkono huo ni sehemu ya mfumo wa mikono miwili chini na mmoja juu, ulioenea duniani kutokana na kazi ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliyepata hataza yake mwaka 1926. Wakati wa kulima, mikono ya chini huvutwa. Wakati wa kuinua, hubeba uzito wa plau. Plau ikigonga kisiki au trekta ikikata kona, mikono husukumwa ubavuni, na hapo ndipo mingi huharibika.

Tupige hesabu. Chukua bapa la chuma laini cha kawaida, upana milimita 60, unene 16, lenye tundu la milimita 23 la kupitisha pini ya milimita 22 inayotumika kwenye trekta ndogo. Kando ya tundu hubaki milimita 37 za chuma. Zidisha kwa 16, unapata milimita za mraba 592. Chuma laini cha daraja la S235 huanza kulegea kwenye nguvu ya nyutoni 235 kwa kila milimita ya mraba. Jumla yake ni karibu tani 14, wakati trekta ndogo yenyewe huwa na uzito wa tani moja au mbili. Kwa kuvuta tu, chuma laini kinatosha na kubaki. Kinachohitajika zaidi ni unene wa kuhimili msukumo wa ubavuni, na hapo ugumu wa springi hauongezi ukakamavu: vipande vya vipimo sawa, laini na kigumu, hunepa karibu sawa chini ya mzigo uleule.

Ubaya wa springi hujitokeza kwenye kuchomelea. Ina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, wakati chuma laini huwa na 0.2 au pungufu. Ukiichomelea bila kuipasha moto kwanza, sehemu iliyo kando ya mshono hupoa haraka na kuwa kama kioo. Ufa unaweza kuanza saa nyingi baadaye, mwenye trekta akiwa ameshaondoka na kazi "nzuri". Mkono ukivunjika, utaona punje zinazong'aa na kingo zilizonyooka, bila dalili ya kupinda.

Fundi anaweza kuvitambua vyuma kwa macho. Gusisha kipande kwenye grinda, mahali penye kivuli. Chuma laini hutoa cheche ndefu, nyoofu, zenye matawi machache. Springi hutoa cheche fupi zinazopasuka nyotanyota karibu na jiwe. Kisha jaribu tupa: kwenye laini huuma, kwenye springi hukwaruza tu.

Ushauri wangu ni huu. Nunua bapa jipya la chuma laini, nene, na utoboe tundu kwa drili badala ya kulichoma. Usiweke mshono katikati ya mkono. Bageti za kuchomelea zitunzwe pakavu, kwa sababu unyevu huzaa nyufa. Nondo za zege ziachwe kwa wajenzi, kwani si zote zinazokubali moto. Ugumu uwekwe kwenye pini, maana pini husuguliwa, haichomelewi, na hubadilishwa kwa dakika tano.

Wakata miti wa mikaratusi wanajua kwamba fito mbichi hupinda mbele ya macho yako kabla ya kukatika, na kavu hupasuka bila kuaga. Mkono wa chuma laini nao hupinda kwanza. Mwenye trekta huuona, huiteremsha plau, na kuuleta karakanani akiwa ameubeba begani, kwa miguu yake miwili.