Kuning'inia Hakutoshi Kuutambulisha Mti

Anayetafuta mti wa koni wa kuning'inia kwa ajili ya bustani yake huanza kwa kutazama umbo, na umbo ndilo humpotosha. Mvinje wa pwani yetu, ukiutazama kwa mbali, ni msonobari mtupu: nyuzi za kijani zinazoyumba kwa upepo na vitunda vigumu mfano wa koni. Lakini ukivuta uzi mmoja taratibu utakatika kwenye pingili, na kila pingili imezungukwa na vijimeno vidogo. Vijimeno hivyo ndivyo majani. Uzi wenyewe ni kijitawi. Mvinje ni mti wa maua, si wa jamii ya koni. Msonobari wa Meksiko, Pinus patula, uliotanda katika mashamba ya Sao Hill mkoani Iringa, huning'iniza majani halisi ya sentimita 15 hadi 25, kwa kawaida matatu matatu katika ala moja.

Kuna atakayesema kwamba mti ukipendeza yatosha. Hoja hiyo haisimami mbele ya udongo. Mvinje huvumilia mchanga na chumvi; Pinus patula ni mti wa milima yenye ubaridi na mvua, na mizizi yake hutegemea kuvu wa udongoni ili ipate lishe. Tena hupita mita 30, hivyo haufai kupandwa ubavuni mwa nyumba, na mbegu zake husambaa: katika mlima Mulanje, Malawi, umeingia hadi kwenye uoto wa asili.

Jambo la pili la kuchunguza ni chanzo cha kuinama kwenyewe. Kwa Pinus patula ni tabia ya spishi nzima, kwa hiyo mbegu inatosha. Mwerezi wa Atlas aina ya 'Glauca Pendula', unaopendwa katika bustani za Ulaya na Marekani, ni tofauti: spishi yake husimama wima, na aina hii huendelezwa kwa kubebesha kikonyo kwenye shina la mwerezi mwingine. Usipoufungia mti wa kuegemea tangu uchanga, hutambaa chini. Ni kweli miche ya kubebesha ni ghali kuliko mbegu, lakini mbegu za mti huo hazina uhakika wa kurithi mwinamo. Kwa hiyo, kabla ya kulipia mche kitaluni, kagua jani lake, kisha uliza umeoteshwa kwa mbegu au umebebeshwa. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayoamua upande wapi na uutunze vipi.