Baiskeli ya Umeme na Kikomo cha Mwendo

Somo letu la leo lahusu baiskeli ya umeme. Mfano wetu watoka Uingereza, kwa kuwa sheria ya huko ni rahisi kueleza. Fuateni maneno kwa kidole, nami nitasoma polepole.

Baiskeli ya umeme ina magurudumu mawili na pedali kama baiskeli nyingine. Lakini ina vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni betri, nayo huweka umeme. Cha pili ni mota, nayo husaidia miguu. Mlima uliokuwa ukikuchosha, sasa waupanda bila kuhema.

Sasa sikiliza malalamiko ya mwendeshaji mgeni. Ametoa fedha nyingi kununua baiskeli. Aondoka nyumbani, baiskeli yaenda upesi, moyo wafurahi. Mara mota yaacha kusukuma. Baiskeli yawa nzito, kana kwamba mtu ameishika kwa nyuma. Mwenyewe hudhani imeharibika, akairudisha dukani kwa hasira.

La, haikuharibika. Inafuata sheria. Nguvu ya mota isizidi wati 250. Mwendo ukifika maili 15.5 kwa saa, yaani karibu kilomita 25, mota iache kusaidia. Mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Hayo yakitimia, hahitaji leseni wala bima.

Angalia vizuri: sheria hii imeiwekea mpaka mota, si miguu yako. Ukikanyaga kwa nguvu zako mwenyewe waweza kuupita mwendo huo. Ila utaona kazi. Betri na mota ni mizigo, tena hewa hukuzuia. Mwendo ukiwa mara mbili, hewa hukuzuia mara nne.

Kwa nini pawe na kikomo? Tufanye hesabu. Kilomita 25 kwa saa ni karibu mita 7 kwa sekunde. Mtoto akikatiza njia, nawe ukachelewa sekunde 1 kushika breki, umekwisha kwenda mita 7. Kwa kilomita 50, ni mita 14. Na ukimgonga, nguvu ya pigo si mara mbili, bali mara nne.

Wako watu wanaoichezea mota ili kuondoa kikomo. Baiskeli ya namna hiyo, mbele ya sheria, ni pikipiki. Hapana budi iandikishwe na kukatiwa bima, na mwendeshaji awe na leseni na kofia ngumu ya pikipiki. Ukikosa bima, polisi waweza kuichukua, nawe ukashitakiwa. Fedha zako zimepotea kwa ajili ya dakika chache.

Basi, wewe uliye mgeni, fanya hivi. Ijaribu baiskeli kabla ya kuinunua. Barabarani, shika mwendo wa kilomita 22 au 23, ili mota isiache na kuanza tena kila mara. Kama safari ni ndefu, ondoka nyumbani mapema. Mwenda pole hajikwai.

Maswali. Andika majibu katika daftari lako.

1. Mota huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita ngapi kwa saa?

2. Kwa nini baiskeli huwa nzito mota ikiacha kusaidia?

3. Mtu akiondoa kikomo, sheria huihesabu baiskeli yake kuwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.