Bluu Iliyoota Kutu Ilomba

Kila asubuhi nikifungua banda langu la kazi kando ya barabara kuu hapa Ilomba, malori kutoka Tunduma yanapita mbele yangu yakielekea Dar es Salaam. Mengi yamebeba mabamba ya shaba kutoka Zambia na Kongo, mengine kobalti. Mimi ni fundi rangi, mwaka wa 22 sasa, na nikiyaona malori hayo huwa naona bluu inapita. Nitaeleza kwa nini, lakini lazima nianze na ukuta wa bibi mmoja.

Bibi huyo alinipa kazi ya kupaka chokaa nyumba yake kabla ya harusi ya mjukuu. Alitaka bluu mpauko. Sisi mafundi kwa kawaida tunachanganya chokaa na nili, ile bluu ya kufulia nguo nyeupe. Siku hiyo nili sikuipata, nikauziwa unga mwingine wa bluu iliyokoza, ndani ya mfuko usio na lebo. Jioni ukuta ulipendeza. Kesho yake asubuhi ulikuwa na mabaka ya kahawia kila upande. Bibi alinishika mkono akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona ukuta wangu unaota kutu?"

Nilirudia kazi kwa fedha yangu. Kisha nikaubeba unga uliobaki hadi Uyole, kwa mwalimu aliyenifundisha kemia sekondari. Alitia kidogo kwenye maji ya chokaa, tukakaa tunatazama. Bluu ikafifia, ikawa kahawia. "Kijana wangu," akasema, "bibi hakukosea. Hiyo ni kutu kweli."

Unga ule ulikuwa bluu ya Prusi. Iligunduliwa kwa bahati mjini Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700, wakati mtengeneza rangi aliyeitwa Diesbach akitafuta nyekundu. Magadi aliyotumia yalikuwa yamechafuka, na chunguni ikatoka bluu. Kiini chake ni chuma. Kwenye wino na rangi za mafuta inafanya kazi vizuri, na kuna hata dawa inayotengenezwa kwayo: mwaka 1987, watu wa Goiânia, Brazil, walipoingiwa na sesiamu yenye mionzi, walimezeshwa bluu hiyo ili iinase sumu tumboni na kutoka nayo. Ila chokaa ni adui yake. Chokaa inaivunja, na chuma kilichokuwa ndani kinabaki kuwa kutu. Saruji mbichi nayo ina ukali huohuo wa chokaa.

Nili ni kitu kingine kabisa. Siku hizi unga wake huitwa altramarini. Zamani bluu hiyo ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, na Ulaya bei yake ilikaribia ya dhahabu. Mwaka 1824 Wafaransa waliahidi faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani kwa bei nafuu. Mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet akaichukua tuzo hiyo, na mwaka huohuo Christian Gmelin wa Ujerumani akatangaza njia yake. Vinavyohitajika ni vitu vya kawaida: udongo mweupe wa kaolini, magadi, salfa na makaa. Vinasagwa pamoja, vinachomwa kwenye tanuri kwa joto la kama nyuzi 800, kisha vinapozwa taratibu. Kaolini iko Pugu, magadi yako Ziwa Natron.

Ndani ya unga huo, chembe za salfa zimefungiwa tatu tatu kwenye vitundu vidogo vya udongo, na hizo ndizo zinazotupa bluu. Chokaa haivivunji vitundu hivyo, ndiyo maana kuta zetu zinadumu. Asidi inavivunja. Kamulia limau kwenye nili, uiache: itaanza kupauka, na utasikia harufu ya yai viza, maana salfa inatoroka. Kwa hiyo mama anayefua shati la shule asichanganye nili na limau wala siki. Nili haiondoi uchafu. Inaweka bluu hafifu juu ya umanjano wa nguo kuukuu, na jicho letu linaona weupe. Viwanda vya plastiki na karatasi hutumia ujanja huohuo.

Sasa nirudi kwenye malori, nianze na yale ya shaba. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Grangemouth, Scotland, chombo cha chuma kilichopakwa kioo kilipata ufa, na dawa nyeupe iliyokuwa ikipikwa ndani ikaota chembe za bluu. Wanakemia walifuatilia ajali ile mpaka wakapata bluu bora zaidi, yenye shaba katikati ya kila chembe, ikaingia sokoni mwaka 1935. Inaitwa fithalosayanini. Limau haiiwezi, chokaa haiiwezi, na jua letu la nyanda za juu, linalounguza hata siku ya baridi, inalistahimili. Ndiyo bluu ya ndoo, viti vya plastiki, rangi za magari, na bluu ya wino inayochapa picha za magazeti.

Kobalti nayo, siku hizi watu wanaitaka kwa betri, lakini ndiyo bluu ya vyombo vya udongo, kwa sababu moto wa tanuri hauiharibu. Mabakuli ya Kichina ya bluu na nyeupe, kama yale waliyoyapachika wazee wa pwani kwenye makaburi ya Kunduchi, yamechorwa kwayo. Mvua na chumvi ya bahari vya karne nyingi havikuifuta.

Bluu hizi zote dukani zinaitwa jina moja, na jina hilo ndilo lililonigharimu. Mwenye nyumba hawezi kujua tofauti kwa macho. Fundi ndiye anayepaswa kujua, kwa sababu ndiye anayeaminiwa.

Mafundi wenzangu, msinunue unga usio na jina. Na hata wenye jina, tia kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya chokaa, uache hadi asubuhi. Ukikuta bado ni bluu, nenda kapake. Ukikuta kahawia, umepoteza kijiko kimoja tu, na ukuta wa mtu umepona.