Kufunga Mipira Migumu ya Haidroliki Wakati wa Kipupwe

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, wenzetu wa Makete, Njombe na uwanda wa juu wa Kitulo huamka asubuhi nyingine na kukuta sakitu juu ya nyasi. Huo pia ndio msimu wa kiangazi, ambapo barabara zinapitika na kazi za kuchimba mitaro ya maji na kuchonga barabara hushika kasi. Kwa hiyo vijiko, greda na matrekta hufanya kazi nyingi katika miezi ileile ambayo baridi ni kali zaidi. Mpira wa haidroliki ukipasuka asubuhi ya namna hiyo, mtambo wa kukodi husimama, malipo ya siku huendelea kuhesabiwa, na wanakijiji waliokuja kulaza mabomba hukaa pembeni wakisubiri. Hapo ndipo fundi huanza kuharakisha, na haraka hiyo huzaa ajali. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuifanya kazi hii kwa usalama.

Kwa nini mpira hukakamaa?

Mpira wa haidroliki una sehemu tatu: mpira wa ndani unaopitisha oili, waya za chuma zilizosukwa au kuzungushwa ili kuhimili presha, na ganda la nje linalozuia michubuko. Baridi huufanya mpira wenyewe upoteze ulaini wake. Mipira mingi ya kawaida imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi joto 40 chini ya sifuri na nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo baridi ya Kitulo haiwezi kuupasua. Katika nchi kama Kanada na Ufini, ambako baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri si ajabu, hutumika hata mipira maalumu ya baridi kali. Hata hivyo, ugumu huanza mapema sana kabla ya kufikia kiwango hicho, na mpira uliohifadhiwa stoo ukiwa umeviringwa hung'ang'ania umbo hilo.

Ikumbukwe kwamba kila mpira una kipimo chake cha kupinda. Mpira wa nusu inchi wenye tabaka mbili za waya za kusuka, kwa mfano, haupaswi kupindwa kwa nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 180 hivi. Ukiulazimisha zaidi ya hapo, waya za ndani huumia pasipo kuonekana, na mpira mpya hupasuka baada ya muda mfupi.

Kabla ya kufungua chochote

Kwanza, shusha ndoo na mikono ya mtambo mpaka ilale chini. Zima injini, kisha sogeza levа zote mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Fungua kifuniko cha tangi la oili polepole. Kuzima injini peke yake hakutoshi, kwa kuwa ndoo iliyoinuliwa huendelea kuikandamiza oili ndani ya silinda.

Pili, linganisha mpira mpya na wa zamani: urefu, unene, aina ya uzi wa nati, na mwelekeo wa vichwa iwapo vimepinda. Mpira unapopata presha unaweza kufupika kidogo, hivyo usikubali uliokatwa kwa urefu wa kubana. Tatu, acha vizibo kwenye ncha zote hadi dakika ya kufunga. Chembe ya mchanga ikiingia inaweza kuharibu pampu.

Kuupasha mpira joto

Njia bora haigharimu kitu: laza mpira ndani ya nyumba yenye joto usiku kucha, ukiwa umenyooshwa. Kama uko porini, utandaze juani juu ya turubai jeusi, au uufunge kwa blanketi na kuuweka ndani ya kibanda cha gari lenye hita. Unaweza pia kuuzungushia matambara yaliyochovywa kwenye maji ya moto yasiyochemka, mradi ncha zimezibwa vizuri.

Usitumie moto wa kuni, jiko la mkaa wala moto wa gesi. Moto huunguza ganda na kudhoofisha mpira wa ndani, na oili iliyomwagika karibu inaweza kuwaka.

Kufunga

Mpira ukishapata joto, fanya kazi bila kuchelewa kabla haujapoa. Anza na upande wenye kichwa kilichopinda au wenye nafasi finyu. Paka oili safi kidogo kwenye oringi, hakikisha imekaa kwenye mfereji wake, kisha shika nati kwa vidole tu. Fanya hivyo pande zote mbili kabla ya kukaza upande wowote. Nati isipoingia kwa vidole, mpira haujanyooka. Mwombe mwenzako auinue au auvute kwa mkanda. Usiitumie spana kulazimisha, maana utaharibu uzi.

Wakati wa kukaza tumia spana mbili: moja izuie kichwa cha mpira, nyingine izungushe nati. Tazama mstari wa maandishi ulioko kwenye mpira. Ukiuona umejiviringisha kama kamba, mpira umesokotwa, na hautadumu. Legeza, unyooshe, ukaze tena.

Kuwasha na kukagua

Baridi huifanya oili nayo kuwa nzito. Oili ya daraja la 46, ikiwa karibu na nyuzi sifuri, huwa nzito zaidi ya mara kumi kuliko ikiwa nyuzi 40. Kwa hiyo acha injini iungurume taratibu kwanza, halafu sogeza silinda polepole bila mzigo ili hewa itoke. Pima kiwango cha oili na uongeze inayopungua.

Usitafute mvujo kwa mkono hata mara moja. Tairi la gari dogo lina presha ya bar 2 hivi; mfumo wa kijiko unaweza kuzidi bar 200. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi na uvae miwani. Ukiona mvujo, zima na utoe presha kabla ya kukaza.

Oili ikimpenya mtu, jeraha huonekana dogo na mwanzoni linaweza lisiume sana. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Ni dharura ya upasuaji. Mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili iliyoingia kwa presha, pamoja na jina la oili hiyo. Kuchelewa kunaweza kumgharimu kidole au mkono mzima.

Tunawaomba wasimamizi wa miradi wasiwahimize mafundi kwa maneno ya "fanya haraka." Saa moja ya kupasha mpira joto ni rahisi kuilipia, lakini mkono wa fundi hauna spea.