Gari la mazao linakula mafuta? Pima kwanza sensa ya joto

WAFANYABIASHARA wanaosafirisha nyanya kutoka Ilula mkoani Iringa hadi masoko ya Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa juu ya bei ya mafuta, ushuru wa mazao wala hasara ya matenga yanayooza njiani. Hayo wanayajua na wengi wao huyaandika. Kisichoonekana katika daftari zao ni mafuta yanayoteketea kwa sababu injini imepewa taarifa za uongo kuhusu joto lake yenyewe.

Anayetoa taarifa hizo ni sensa ya joto la maji, kifaa kinachokaribia ukubwa wa kidole gumba, kilichofungwa kwenye injini karibu na mahali maji ya moto yanapotokea kwenda kwenye rejeta. Jina lisimchanganye mtu. Si sensa ile ya kuhesabu watu kila baada ya miaka 10. Hii hupima joto la maji kila wakati gari likiwa linatembea, na kompyuta ya injini huiamini bila kuuliza.

Uzito wa jambo hili huonekana kwa hesabu rahisi. Chukulia pikapu ya petroli inayobeba nyanya, ambayo kwa kawaida inakwenda kilometa 9 kwa lita moja. Kutoka Ilula hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 450, hivyo kwenda na kurudi ni kilometa 900 na lita 100. Sensa ikiharibika na gari likashuka hadi kilometa 7 kwa lita, safari hiyo hiyo itahitaji zaidi ya lita 128. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, tofauti ni zaidi ya Sh85,000 kwa safari moja. Mwenye safari nane kwa mwezi atakuwa ametupa zaidi ya Sh680,000 kupitia bomba la moshi, bila tenga hata moja kuharibika.

Kwa nini kifaa kidogo hivyo kile fedha nyingi namna hiyo? Wenye umri mkubwa kidogo watakumbuka magari ya kabureta yaliyokuwa na choki. Asubuhi ya baridi dereva alivuta choki ili injini ipate petroli nyingi iwake, kisha akairudisha ilipopata moto. Katika magari ya sasa kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Sensa ikisema maji ni ya baridi, kompyuta huongeza petroli. Ikisema yamepata moto, hupunguza. Sensa iliyokwama kwenye baridi ni sawa na dereva aliyevuta choki Ilula na kuisahau mpaka Kibaha.

Hasara haiishii kwenye tangi. Petroli iliyozidi huziba plagi kwa masizi, huosha oili kwenye kuta za silinda na kuichafua ile iliyo chini ya injini. Kwa hiyo moshi mweusi, harufu kali ya petroli na plagi zinazobadilishwa mara kwa mara ni dalili za kuangaliwa mapema.

Uongo wa upande wa pili nao upo. Sensa inaweza kusema injini ni ya moto wakati ni ya baridi. Hapo gari husumbua kuwaka alfajiri, hasa kwenye baridi ya Makambako au Njombe, likiwaka hutetemeka na kuzima mpaka lipate moto. Wengi hukimbilia kununua betri.

Sensa si moja

Jambo linalowagharimu wamiliki wengi ni kudhani kwamba mshale wa joto kwenye dashibodi ukikaa katikati, basi sensa ni nzima. Katika magari mengi yanayotumika mashambani, hasa ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kuna sensa zaidi ya moja. Yenye waya mmoja hupeleka habari kwenye mshale. Yenye nyaya mbili hupeleka habari kwenye kompyuta. Mengine yana swichi ya tatu ya kuwasha feni ya umeme, kwa kawaida ikiwa chini kwenye rejeta au karibu na thamostati. Mshale unaweza kuwa sahihi kabisa huku kompyuta ikidanganywa, na kinyume chake.

Tena mshale wenyewe si wa kuaminiwa sana. Watengenezaji wengi huupanga ukae katikati hata joto likipanda au kushuka kwa nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike. Na maji yakikauka kabisa, sensa hubaki kwenye hewa. Mshale unaweza kushuka na kuonyesha baridi wakati silinda hedi inapinda. Dereva anayepanda mlima Kitonga na mzigo wa duka, akaona mshale umeshuka ghafla katikati ya kona, asishukuru. Asimamishe gari.

Wenye magari ya dizeli ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta wana bahati kidogo. Kwao sensa mbovu itaharibu mshale au muda wa kupasha moto plagi za kuwashia, lakini haitaongeza dizeli. Dizeli mpya zenye kompyuta ziko katika kundi moja na petroli.

Kabla ya kuilaumu

Gari linalochemsha mlimani mara nyingi halina ubovu wa sensa hata kidogo. Lina rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea, mfuniko uliochoka au maji pungufu. Sensa ikisema injini ni ya moto, huenda inasema kweli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa: fungua mfuniko wa rejeta na uangalie maji. Mfuniko huo usifunguliwe gari likiwa la moto. Mifuniko mingi ya magari ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiasi cha mgandamizo unaoshikiliwa ndani, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 100 kwa kiasi kikubwa. Mfuniko ukifunguliwa hulipuka mvuke usoni.

Pili ni thamostati. Kuna mazoea yaliyoenea katika gereji nyingi ya kuing'oa na kuitupa, eti nchi ni ya joto haihitajiki. Ushauri huo ni mbaya. Thamostati hufunga njia ya maji mpaka injini ifikie nyuzi kati ya 80 na 90, na ikiondolewa, injini kwenye nyanda za juu hutembea ikiwa baridi muda mrefu. Sensa itaripoti baridi hiyo kwa uaminifu, kompyuta itaongeza petroli, na mmiliki atanunua sensa mpya isiyobadilisha kitu. Kabla ya kutoa fedha, muulize aliyewahi kufungua injini hiyo kama thamostati bado imo.

Tatu ni soketi na nyaya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi hutembelewa na panya, na panya hupenda nyaya. Chomoa soketi, angalia ukungu wa kijani kwenye vishikio, vuta kila waya taratibu. Ubovu mwingi unaoitwa wa sensa huishia hapa, na tiba yake ni kipande cha waya na dakika 10.

Namna ya kuipima

Fundi mwenye kompyuta ya kupimia atasoma namba za ubovu. Namba P0118 ina maana mawasiliano yamekatika, na kompyuta inaona baridi isiyowezekana. P0117 ni waya zinazogusana, na inaonekana joto kupita kiasi. P0128 kwa kawaida huelekeza kwenye thamostati. Kwenye Toyota nyingi za zamani hakuna haja ya kompyuta. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Fundi akiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya mfupi na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi itakonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22, namba ya sensa ya joto la maji.

Lakini namba ya ubovu haisemi nunua sensa. Inasema tu kwamba kwenye njia hiyo, kuanzia sensa, nyaya hadi kompyuta, kuna kasoro. Isitoshe, sensa inayodanganya kwa nyuzi 20 au 30 tu inaweza isitoe namba yoyote. Ya namna hiyo hukamatwa alfajiri: gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa inayoingia kwenye injini yanapaswa kukaribiana kwenye kompyuta ya kupimia. Hewa ikisomeka nyuzi 16 na maji nyuzi 45, mmoja wao ni mwongo, na kipimajoto cha ukutani kitaamua ni nani.

Asiye na kompyuta anaweza kutumia mita ya kupimia umeme, sufuria na jiko. Ndani ya sensa kuna kipande kinachozuia umeme sana kikiwa baridi na kuuachia kadiri kinavyopata moto. Kwa magari mengi ya Kijapani, sensa ya kompyuta ikiwa kwenye nyuzi 20 husoma omu kati ya 2,000 na 3,000. Kwenye nyuzi 80 hushuka hadi kati ya 200 na 400. Ing'oe injini ikiwa baridi, tumbukiza ncha yake tu kwenye maji, soketi ibaki nje, kisha pasha maji polepole ukisoma mita. Namba ishuke bila kuruka. Ikirukaruka, ikasimama au ikabaki maelfu kwenye maji ya moto, hiyo imekwisha.

Wanaopima Iringa au Mbeya wakumbuke jambo moja. Kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,500, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama ya Dar es Salaam. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye maji ni bora kuliko kukisia. Vile vya kuelekeza kwenye paji la uso, vilivyosambaa wakati wa Uviko mwaka 2020, havifai. Vimetengenezwa kwa joto la mwili tu.

Upande wa nyaya, soketi ikichomolewa na swichi ikiwa wazi, mita iliyowekwa kwenye matundu mawili ya soketi inapaswa kusoma karibu volti 5. Zisipokuwapo, sensa haina kosa. Tafuta waya uliokatika. Taa ya kujaribia ya balbu isitumike hapa, kwani huvuta umeme mwingi na inaweza kuunguza kompyuta, ambayo bei yake haifanani na ya sensa.

Kwa sensa ya mshale yenye waya mmoja, kipimo ni chepesi zaidi. Katika magari mengi ya zamani, ukichomoa waya mshale hulala kwenye baridi. Ukiugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde chache, mshale hupanda hadi kwenye moto. Ukifanya hivyo, mshale na waya ni wazima na sensa ndiyo mbovu. Isipokuwa kama aliyeifunga aliizungushia utepe mwingi wa mabomba kwenye nyuzi zake. Sensa hii hurudisha umeme kupitia mwili wake, na utepe huo huuzuia.

Wakati wa kununua, chukua ya zamani mkononi na ulinganishe umbo, nyuzi na soketi. Spea iliyotumika kutoka gari lililokatwa inaweza kuwa nzima, ila ipimwe kwa maji na mita pale pale kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa kipimo hicho ameshajibu.

Baada ya kufunga mpya, jaza maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, si ya kisima chenye chumvi kama vingi vya Dodoma, kwa sababu magadi hujenga ganda kwenye ncha ya sensa na kuitenga na joto. Acha injini iwake mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe, kwani hewa iliyobaki penye sensa humfanya fundi adhani amefunga mbovu nyingine. Zima, subiri ipoe, ongeza maji, funga. Kisha namba za ubovu zifutwe, tangi lijazwe hadi juu, na kilometa ziandikwe, ili safari ya kwanza ya Dar es Salaam itoe jibu kwa lita.